Mlo wa Mchana wa Yeni 950 Kwenye Uchochoro wa Tokyo

Mgahawa huu mdogo uko katika mtaa wa makazi upande wa mashariki wa Tokyo, una viti 8 vya kaunta na meza 2, na asiyejua maana ya pazia fupi la kitambaa linaloning'inia mlangoni ataupita akidhani ni nyumba ya mtu. Pazia hilo huitwa noren. Likiwa limetundikwa, jiko linafanya kazi. Likishaondolewa, hakuna haja ya kubisha hodi. Mchana hutundikwa saa 5:30 na kuondolewa saa 8:00, na katika muda huo mfupi mpishi na mkewe huandaa kitu kimoja tu, yaani teishoku, mlo ambao wali, supu ya miso (rojo la soya iliyochachushwa), kitoweo kikuu, vitoweo vidogo na achari hupangwa pamoja kwenye sinia moja kwa bei moja.

Bei hiyo ni yeni 950, kodi ya asilimia 10 ikiwa ndani yake, na chai ya moto hailipiwi. Kuna vitoweo vikuu vitatu tu vya kuchagua. Nadhani uchache huo ndio unaoshikilia bei, kwa kuwa jikoni hakuna kinacholala.

Nimekula hapo mara nne, na mara tatu nilichukua samaki aitwaye saba, wa jamii ya kibua, aliyepakwa chumvi na kuchomwa kwenye wavu. Huletwa nusu yake, ngozi ikiwa imevimba malengelenge na kuungua kidogo kingoni, huku nyama ya ndani ikiwa bado inachuruzika mafuta. Saba wengi wanaouzwa Japani hutoka Norwe wakiwa wamegandishwa, na msifu-vya-nyumbani anaweza kuona hilo kuwa dosari, lakini kwa kuchoma mafuta yao mengi ni neema, kwa sababu samaki asiye na mafuta angekauka juu ya moto. Pembeni kuna kifungu cha figili nyeupe iliyokunwa, ambayo hudondoshewa matone ya mchuzi wa soya na kuliwa pamoja na kila pande la samaki ili kukata mafuta. Anayeiacha figili hiyo kwa kudhani ni pambo amejipunja.

Supu nayo inastahili kusemwa. Wapishi wenye haraka huiacha miso ichemke hadi harufu yake ipotee, ilhali hapa huyeyushwa mwishoni, moto ukiwa umekwisha kupunguzwa, ndani ya maji yaliyokolezwa ladha ya mwani na samaki mkavu aliyeparuzwa. Siku moja ilikuwa na chaza wadogo, siku nyingine tofu, yaani jibini ya soya, na vitunguu vya majani, na mara zote niliinywa kwa kuinua bakuli mdomoni, kama inavyotakiwa.

Wali ni wa punje fupi, unashikana bila kuwa bokoboko. Zamani mteja aliweza kuongezewa bure; sasa karatasi ukutani inasema nyongeza ni yeni 100. Sikulalamika, maana mwaka 2025 kilo 5 za mchele zilivuka yeni 4,000 madukani, takribani mara mbili ya bei ya mwaka uliotangulia, hata serikali ikalazimika kutoa mchele wa akiba.

Vitoweo vidogo havilingani kwa ubora. Mwani mweusi uliopikwa na karoti ulikuwa mzuri, bali achari ya njano ilikuwa tamu kupita kiasi na ilionekana kutoka kwenye pakiti. Nyama ya nguruwe ya tangawizi, niliyoila mara moja, ilikatwa nyembamba mno na kuzamishwa katika mchuzi wenye sukari, nayo kabichi iliyoandamana nayo ilikuwa imeanza kukauka. Msomaji asiyetumia nguruwe wala kileo aulize kabla ya kuagiza, kwa kuwa pombe ya mchele na mirin, yaani kileo kitamu cha kupikia, huingia katika michuzi mingi ya Kijapani bila kutajwa, na wavu wa kuchomea huenda ukatumika kwa vyote.

Malipo ni fedha taslimu pekee, bakshishi haitolewi, na orodha ya vyakula imeandikwa kwa mkono kwa Kijapani kwenye vibao vya mbao, hivyo asiyesoma lugha hiyo hana budi kuonyesha kwa kidole sinia la jirani. Mke wa mpishi huelewa mara moja.

Fika kabla ya saa 6:00. Nguruwe niliyemtaja sikumchagua kwa hiari: siku ile niliingia saa 7:15, nikakuta kibao cha yule samaki kimekwisha kugeuzwa kuelekea ukutani.