Kuku wa Pilgrim's: nyota tatu, zote za mapaja

Mapaja yenyewe sina neno nayo. Niliyachemsha na tangawizi, nikayakaanga, ngozi ikakauka vizuri. Kifua sikununua, mimi si mtu wa kifua.

Ila risiti ndiyo inanirudisha nyuma. Mwaka 2021 Pilgrim's, kampuni ya kuku ya Marekani, ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani: ilishiriki njama ya kupanga bei za kuku, ikatozwa faini ya zaidi ya dola milioni 107. Mwenye hisa nyingi humo ni JBS, kampuni ya nyama ya Brazili, iliyoanzishwa 1953 mjini Anápolis na José Batista Sobrinho. Herufi hizo tatu ni za jina lake. Wanawe, Joesley na Wesley, wakaja kukiri 2017 kwamba waliwahonga wanasiasa, na J&F, kampuni yao mama, ikakubali kulipa reali za Brazili bilioni 10.3. Bilioni! Halafu 2021 wadukuzi nao wakaibana JBS, ikawalipa dola milioni 11.

Pamoja na yote hayo, 2025 hisa za JBS ziliingia soko la hisa la New York.

Nimebakiza pakiti moja kwenye friza. Nitaila, kutupa nyama siwezi.