Gari linalojiendesha: kamera pekee, au kamera pamoja na lida?

Magari ya Tesla hutegemea kamera. Waymo, kampuni ya teksi zisizo na dereva, huongeza lida (kipima umbali kwa leza) na rada (kipima umbali kwa mawimbi ya redio). Kamera husoma rangi za taa za barabarani, jambo lisilowezekana kwa lida, ila umbali huukadiria tu: jua la machweo likiipiga usoni, au lori jeupe likifanana na anga, kadirio huyumba. Lida hupima. Hurusha mapigo ya leza na kuhesabu muda wa kurudi (nanosekunde 10 ni mita 1.5 hivi), hata gizani. Ukungu mzito huitawanyia mwanga. Hapo rada huokoa, ingawa picha yake ni hafifu. Kwa gari lisilo na dereva kabisa, chagua lida. Dereva akiwa bado kwenye usukani, kamera zatosha, mradi lenzi ziwe safi.