Jinzi za mtindo wa zamani: angalia mshono wa pembeni kabla ya kutoa hela

Malalamiko ni yale yale: jinzi imenunuliwa kwa bei ya mbuzi wawili, imefuliwa mara moja, na sasa mshono wa pembeni umezunguka hadi juu ya muundi. Mwenye nayo anadhani kauziwa feki. Mara nyingi si feki.

Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa mshazari. Uzi wa mshindio (wa kukata upana) hupita chini ya nyuzi tatu za mtande (za urefu) na juu ya mmoja, na kila safu inasogea hatua moja pembeni. Mtamboni nyuzi zimekazwa. Zikiloa zinalegea, kitambaa kinavutwa kufuata mshazari na mguu unazunguka. Viwanda vingi vya leo hukivuta kitambaa kimshazari makusudi kabla ya kukikata, na hukisinyaza mapema kwa njia ya sanforaizi. Wanaoiga jinzi za kale kwa dhati huacha yote mawili, hivyo urefu nao unaweza kupungua hadi asilimia 10.

Ukingo wa kitambaa wenye uzi mwekundu, ule unaoonekana ukikunja pindo na mnaoukimbilia, hausemi lolote kuhusu kuzunguka wala kusinyaa. Unaonyesha tu kuwa kitambaa kilifumwa kwenye mtambo mwembamba wa kizamani, upana wa sentimita 80 hivi. Na wapo wanaoshonea kitepe chekundu kwa ndani, wakapandisha bei.

Rangi ipime kwa uzi mmoja. Nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, haiyeyuki kwenye maji. Huwekwa kemikali mpaka iwe ya kijani-manjano. Nyuzi za mtande, 300 au zaidi kwenye kamba moja, huchovywa, hukamuliwa, kisha hupandishwa hewani zigeuke buluu, na mzunguko huo hurudiwa mara 6 au zaidi. Rangi inabaki juu juu. Chomoa uzi wa buluu kwenye pindo, ufumue: kiini kikiwa cheupe, jinzi itapauka kwa uzuri.

Kati ya jinzi za mtindo huu, namba moja, bila kuficha upendeleo: Full Count 1101 ya Osaka, Japani. Uzito ni aunsi 13.7 kwa yadi ya mraba, takriban gramu 465 kwa mita ya mraba, na pamba yake ni ya Zimbabwe, yenye nyuzi ndefu, laini hata ikiwa mpya. Chukua iliyokwisha kufuliwa mara moja. Kusinyaa kwingi na kuzunguka kumeshatokea, unaona unachonunua.

Ya pili ni Levi's 501 isiyosinyazwa. Kwenye saizi yako ya kawaida ongeza inchi 1 kiunoni na inchi 3 za urefu.

Iron Heart ya aunsi 21 ni ya tatu. Imeshapitia sanforaizi na imeshonwa kama hema, ila kwa joto la Dar au Mombasa ni adhabu.

Za bei chee zenye mpira ndani? Za kuvaa tu, hazina uzamani wowote.

Dukani, laza iliyofuliwa mezani, panga mishono kuanzia kiunoni hadi gotini, pindo liache lijilaze lenyewe. Mshono ukihama sentimita 2, sawa. Ukihama 5, irudishe. Kwa isiyofuliwa kipimo hiki hakifai, kwa hiyo mdai muuzaji picha ya iliyofuliwa pamoja na vipimo vya futi kamba: kiuno, paja, mshono wa ndani. Wengi hutuma namba ya lebo tu, na ukiuliza tena wananuna, kana kwamba unaomba mkopo.

Ukishainunua mbichi, yaani isiyofuliwa, igeuze ndani nje, funga vifungo, iloweke saa moja kwenye maji ya nyuzi joto 50, itundike kwa kiuno ikauke. Rudia. Hapo ndipo uende kwa fundi. Akikata pindo kabla ya maji, mguu wa sentimita 80 unaweza kuishia 72, na fundi atakuambia umenenepa.