Baada ya ukurasa wa 192 ukaja wa 161

Nimekasirika, na naandika nikiwa na hasira hizo hizo, maana nikisubiri zipoe nitaanza kuwapamba watu wasiostahili kupambwa. Nyota moja. Hata hiyo moja naitoa shingo upande.

Jina la kitabu silitaji, wala la duka. Mwandishi hana kosa na sitaki abebe mzigo wa waliomchapia. Ni riwaya ya upelelezi: kachero wa Nairobi anamsaka gaidi mmoja, nchi hadi nchi, kwa karibu miaka 13. Gaidi amepewa jina la kubuni. Lakini mzaliwa wa Komoro aliyehusika na mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, akajificha Siyu kule kisiwani Pate, akaoa na kufundisha watoto madrasa huku Wamarekani wakimwekea dau la mamilioni ya dola, kama si Fazul Abdullah Mohammed, yule wa al-Qaeda, ni nani?

Nilikinunua nimsomee shangazi yangu. Yeye hasomi tangu tarehe 7 Agosti 1998. Alikuwa kazini, ghorofani, jirani na ubalozi wa Marekani. Vijana wa leo wakisikia habari za siku ile wanadhani bomu lilikuja tu kwa mkupuo mmoja. Kulitangulia kishindo kidogo, guruneti pale getini, na milio ya risasi. Watu wakaacha kazi wakakimbilia madirishani waone kuna nini. Ndipo lori likalipuka. Nairobi ilizika watu 213, Dar es Salaam, iliyolipuliwa asubuhi hiyo hiyo, wakazika 11, lakini waliopoteza macho nyuma ya vioo hawatajwi sana. Shangazi anakumbuka kwamba aliinuka na kikombe cha chai mkononi, na kwamba aliyekuwa mbele yake dirishani alikuwa mrefu, basi shangazi akamsogeza kidogo ili naye aone.

Kwa hiyo niliposikia kuna riwaya ya Kiswahili juu ya msako ule, sikuuliza bei mara mbili.

Na kitabu ni kizuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Kachero ni mtu mkavu, hacheki, analala na viatu, sentensi zake fupi kama telegramu iliyolipiwa kila neno. Sura ya kwanza yuko Hospitali ya Kenyatta, kando ya kitanda cha mama mmoja aliyefungwa bendeji machoni. Mama anamwambia: mkimpata, njoo uniambie wewe mwenyewe, usinitumie mtu. Kachero anaahidi. Nilipofika hapo shangazi akanishika mkono. “Atakwenda?” Nikamwambia, shangazi, tusome tutaona.

Tukasoma. Kila jioni baada ya taarifa ya habari, kurasa kumi, kumi na tano. Mwandishi amefanya kazi yake. Wale washirika wa mabomu waliokamatwa mbali na nyumbani wamo: aliyepatikana Cape Town mwaka 1999, aliyenaswa Gujrat kule Pakistan mwaka 2004, na jinsi kachero anavyopata habari hizo gazetini kama raia yeyote, wakati yeye yuko mtaa wa nyuma Mombasa anasubiri mtu asiyetokea. Ile ya Malindi ya 2008 nayo imo, polisi wanaingia nyumbani, pasipoti zipo, mwenyewe hayupo. Mapigano ni mengi kidogo kwa ladha yangu, na kuna mwanamke wa hoteli Moroni, kule Komoro, ambaye sikuona kazi yake hasa ni nini. Sikumchukia mwandishi kwa hayo.

Lakini mpakani! Kachero anashuka basi Lunga Lunga, upande wa Kenya, anagongewa muhuri, anavuka kwa miguu na mkoba begani mpaka Horohoro, upande wa Tanzania. Afisa wa upande wa pili hamuulizi anamfuata nani wala amebeba nini. Anamuuliza kadi ya homa ya manjano. Hana. Anawekwa benchi saa nne nzima, jua linamhama kutoka goti hadi goti. Gaidi alikwishapita asubuhi ile ile, na kadi alikuwa nayo. Nimevuka pale zaidi ya mara moja, nimekalishwa kwenye benchi la namna hiyo. Shangazi alicheka hadi akaomba maji.

Basi tukafika ukurasa wa 192. Habari imetoka Mogadishu: gaidi ameuawa. Kachero amerudi Nairobi, ameuliza uliza, amepata nyumba ya yule mama. Sentensi ya mwisho pale chini inasema: “Alikuwa amekaa kibarazani, akasikia viatu vyangu, akasema,” basi. Nikafunua. Nikaendelea kusoma, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, juu ya muhuri na mkoba.

“Umerudi nyuma, baba,” shangazi akaniambia. “Hapo ni Horohoro.”

Mimi mwenye macho sikuwa nimegundua. Nikatazama namba: 161. Nikafunua mpaka mwisho, 176, kisha jalada. Kurasa 16 za mwisho hazimo. Wameshona zile za mpakani mara mbili, mwisho wakauacha kiwandani. Shangazi hakusema kitu. Alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena.

Makosa ya uchapaji hutokea, hilo nalikubali. Kama hadithi ingeishia hapo ningeandika mistari miwili na kutoa nyota tatu. Nilirudi dukani na risiti. Kijana wa kaunta hakukishika hata kitabu. Akanionyesha maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sitaki pesa, nataka nakala yenye mwisho. Akasema zimeisha. Nikamwomba aniagizie. Akacheka.

“Bosi, si huyo jamaa aliuawa Mogadishu? Mwisho si unaujua?”

Naujua, ndiyo. Juni 2011, usiku, gari limepotea njia likaingia kizuizi cha askari wa serikali, wakafyatuliana risasi, akafa. Waliomuua hawakumjua. Walimzika, kisha wakaja kumfukua walipotambua ni nani. Kila mtu anaujua mwisho huo. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mimi nataka kujua yule mama alisema nini pale kibarazani, na kwamba anayesubiri ni shangazi yangu, na kwa nini macho yake yako vile. Nilisema yote, mbele ya wateja.

Akasema: “Si umtungie tu? Hataona.”

Sikumjibu. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara mpaka magoti yakaacha kutetemeka. Duka sifuri. Waliochapa sifuri. Ile nyota moja niliyoitoa juu nairudisha mfukoni.

Ila kwa mwandishi siwezi. Rafiki yangu wa Mombasa alikuwa na nakala nzima, akanipigia picha kurasa zote 16 akanitumia kwa simu. Nikamsomea shangazi jioni hiyo hiyo. Sipendi kumwaga mchuzi, lakini hili nitalisema: kachero anaeleza kila kitu, pasipoti ya bandia, kizuizi, kaburi lililofukuliwa, anaeleza kama mtu anayekabidhi mzigo wa miaka 13. Mama anasikiliza mpaka mwisho. Halafu anauliza jambo moja tu: dereva alipoteaje njia? Kachero hana jibu. Yeye na mipaka yake yote, na dereva mmoja aliyekosea kona ndiye aliyeimaliza kazi.

Shangazi alinyamaza muda mrefu. “Hata mimi ningeuliza hilo,” akasema. “Rudia.”

Nyota tano. Ndiyo, tano, na nyinyi mnaotaka kununua nunueni, lakini pale pale kaunta, kabla ya kutoa hela, fungueni 192 muone kinachofuata.

Nimeshazisoma kurasa zile mara tatu sasa, kitabu gotini na simu mkononi. Picha ya ukurasa wa 201 imeingia kidole cha rafiki yangu, kimefunika maneno mawili pale mama anaposimama, na nikifika hapo inabidi nikisie. Juzi nilisema mama alishika mlango. Jana nikasema alishika ukuta. Shangazi akanisimamisha: “Kwani alishika nini?” Sikuwa na la kumwambia. Shilingi 850 nimelipa, na nakala yangu nzima bado naidai.