Microsoft Defender nyumbani: inachokamata na inachokuachia wewe

Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 huja na Microsoft Defender ndani yake, ikiwa imeshawashwa, bila malipo na bila tarehe ya kuisha. Kwa mtu wa nyumbani anayesoma baruapepe, kulipa bili na kutunza picha za familia, inatosha. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na tunaitoa tukijua kwamba kuna kazi moja kubwa ambayo Defender haiiwezi: kukataa kwa niaba yako pale unapobofya "ndiyo" mwenyewe. Virusi vya baruapepe na programu bandia za usalama huishi kwa hiyo "ndiyo".

Tuanze na barua. Defender haikai mlangoni mwa kisanduku chako. Ukisomea barua kwenye kivinjari, zenyewe ziko kwenye seva ya mtoa huduma, na mchujo wa kwanza hufanyika huko. Gmail, kwa mfano, hukataa kabisa viambatisho vya .exe, .vbs na, tangu Februari 2017, .js. Ukitumia programu kama Outlook, Defender kwa kawaida haifungui hifadhi ya barua wakati wa uchunguzi, kwa kuwa mpangilio huo huja ukiwa umezimwa. Wengi wakisikia hivyo hushtuka, lakini hakuna haja. Kiambatisho kilicholala ndani ya barua hakidhuru kitu. Ukikihifadhi au kukifungua ndipo kinapokuwa faili kwenye diski, na hapo ndipo ulinzi wa papo kwa papo hukidaka.

Kama unataka kuona kwa macho kwamba kweli inadaka, tumia faili ya majaribio ya EICAR. Ni mstari wa herufi 68 tu usio na madhara yoyote, ambao watengenezaji wa programu za kuzuia virusi wamekubaliana kuutambua kana kwamba ni kirusi. Upakue kutoka tovuti ya EICAR yenyewe. Defender ikiwa macho, faili huondolewa mara moja, arifa hujitokeza kwenye kona ya chini kulia, na ndani ya "Protection history" ya Windows Security (dirisha la Windows ambamo Defender huongozwa) utakuta imeandikwa Virus:DOS/EICAR_Test_File. Faili ikikaa kimya kwenye folda ya Downloads, basi ulinzi umezimwa, na ni afadhali ulijue hilo leo.

Panapoishinda Defender ni kwenye faili ya zip iliyofungwa kwa nenosiri. Haiwezi kuchungulia ndani mpaka uifungue, na kichujio cha mtoa huduma nacho hakiwezi. Ndiyo sababu barua hizo huja na sentensi kama "kwa usalama wako, nenosiri ni 4821". Anayekutumia kufuli na ufunguo kwenye bahasha moja hakulindi wewe. Anaificha faili isionwe na wachunguzi. Ukiifungua, Defender itakikagua kilichotoka humo, lakini kama ni kirusi kilichotengenezwa asubuhi ya leo, huenda bado hakijajulikana.

Hila kongwe nayo bado inafanya kazi. Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilienea dunia nzima kwa faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows iliificha ile .vbs ya mwisho, watu wakaona .TXT, wakadhani ni maandishi tu, kumbe wanaendesha programu. Mpaka leo Windows huja ikiwa inaficha mikia hiyo ya majina, na kwa maoni yetu Microsoft walipaswa kuliacha jambo hili miaka mingi iliyopita. Rekebisha mwenyewe: fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha weka alama kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 alama hiyo iko moja kwa moja ndani ya View. Tangu hapo Ankara.pdf.exe itaonekana kwa jina lake kamili. Na usiiamini picha ndogo iliyo kando ya jina: mwenye kutengeneza programu huchagua picha anayoitaka, hata ya PDF.

Nyaraka za Word na Excel zina kinga yao ya ziada. Faili iliyotoka kwenye intaneti hubandikwa na Windows alama usiyoiona, na Office ikiikuta alama hiyo hufungua waraka kwa kusoma tu, ukiwa na mstari wa manjano juu. Mwaka 2022 Microsoft walianza kuzuia kabisa makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya waraka) za faili za aina hiyo. Mstari unaotokea ni mwekundu, na kile kitufe cha kuziruhusu hakipo tena. Kinga hii imewabana sana matapeli. Mwishoni mwa mwaka huohuo, faili zilizosambaza programu hasidi ya Emotet zilimwagiza mtu azinakili kwenye folda ya Templates ya Office kisha azifungulie humo, kwa sababu Office huiamini folda hiyo. Yatazame vizuri maagizo hayo: ni ankara gani hiyo isiyosomeka mpaka ihamishiwe folda fulani? Barua au waraka ukianza kukufundisha namna ya kuufungua, ufute.

Kuna barua nyingine ambayo haina kiambatisho wala kiungo. Inasema usajili wako wa programu ya usalama ya Norton au McAfee umehuishwa, pesa nyingi zitakatwa leo, na ukitaka kughairi piga nambari hii. Kampuni hizo hazihusiki. Majina yao yameazimwa kwa sababu yanajulikana. Defender haitasema neno, kwa kuwa ndani ya barua hiyo hakuna cha kukamata. Ukipiga, anayepokea atakuomba usakinishe programu ya kuongoza kompyuta kutoka mbali, ambayo yenyewe ni halali kabisa, na kuanzia hapo yeye ndiye anayeshika kipanya. Usitumie nambari iliyo kwenye barua. Angalia taarifa ya akaunti yako ya benki. Kama hakuna makato, hakuna cha kughairi.

Hapo tunaingia kwenye programu bandia za usalama, na hapa ndipo tungependa Defender iwe na meno zaidi. Zamani zilikuja kama programu kamili: WinFixer, DriveCleaner na nyingine za ukoo huo zilimwonyesha mtu orodha ya hitilafu zisizokuwepo, kisha zikamdai alipe ili ziondolewe. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa na tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, iliamuru kulipwa zaidi ya dola milioni 163 kwa ulaghai huo. Programu za namna hiyo Defender huzizuia vizuri. Zilizochukua nafasi yake ni kurasa za tovuti. Skrini inajaa ghafla, king'ora kinalia, nembo ya Microsoft iko juu, idadi ya virusi inapanda, na chini kuna nambari ya simu. Ukurasa wa tovuti hauwezi kuisoma diski yako. "Uchunguzi" ule ni mchoro unaotembea. Na onyo la kweli la Microsoft haliwi na nambari ya simu.

Kutoka humo: shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde chache mpaka kivinjari kiache kujaza skrini, kisha Alt na F4. Kikigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha, bofya "End task". Utakapokifungua tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi. Kataa, la sivyo utarudi palepale. Usibofye alama ya X iliyochorwa ndani ya ukurasa wenyewe, kwa sababu nayo ni sehemu ya ukurasa. Edge, kivinjari cha Microsoft, imeongezewa kizuizi maalumu cha kurasa hizi, kilichoanza kwa majaribio mwaka 2025. Kama unatumia Edge, hakikisha kimewashwa.

Aina inayowasumbua watu kwa muda mrefu zaidi ni ya arifa. Tovuti inakuambia ubofye "Allow" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukibofya, umeipa ruhusa ya kutuma arifa hata ukurasa ukiwa umefungwa, na kuanzia siku hiyo kona ya skrini inaleta "Virusi 5 vimepatikana" kila baada ya dakika chache. Mtu anaendesha Defender mara tatu, haipati kitu, anaamua kwamba haifai, ananunua nyingine. Defender ilikuwa sahihi: kwenye diski hamkuwa na kirusi. Iangalie arifa yenyewe kwa karibu. Kwa herufi ndogo imeandikwa jina la kivinjari na anwani ya tovuti iliyoituma, ilhali arifa ya kweli hutajwa kuwa ya Windows Security. Fungua mipangilio ya kivinjari, andika "notifications" kwenye kisanduku cha kutafutia, ondoa kila tovuti usiyoifahamu, kisha zuia tovuti zote zisiombe tena. Kazi ya dakika mbili, na kelele zinaisha.

Hatari zaidi ni ukurasa unaokuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, eti ndiyo njia ya kuthibitisha au ya kurekebisha hitilafu. Amri imeshanakiliwa na ukurasa bila wewe kujua, na hatua hizo tatu zinaiendesha kwa mkono wako mwenyewe. Defender wakati mwingine huidaka, wakati mwingine haiidaki. Usifanye kamwe.

Ndani ya Windows Security yapo mambo machache ya kukagua, na tunalalamika kwamba yametawanywa kwenye menyu nyingi mno. Nenda "App & browser control", kisha "Reputation-based protection", uhakikishe "Potentially unwanted app blocking" imewashwa kwa programu na kwa vipakuliwa; hicho ndicho kinachozuia visafishaji vya rejista (registry) ya Windows na "viongeza kasi" vinavyojibandika kwenye programu za bure. Rudi "Virus & threat protection", bofya "Manage settings", acha "Cloud-delivered protection" na "Tamper Protection" zikiwa zimewashwa. Shuka mpaka chini kwenye "Exclusions". Kwa kompyuta ya nyumbani orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda ambayo hukuiweka, ni ishara mbaya, kwa sababu programu hasidi nyingi zikishapata nguvu za msimamizi hujiandika hapo ili zisiguswe.

"Controlled folder access" ni jambo la kupima. Huzuia programu zisizojulikana kuandika kwenye Documents na Pictures, kwa hiyo inasaidia dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Lakini huja imezimwa, na ukiiwasha itazuia pia programu halali, hasa michezo na programu za zamani, mpaka uziruhusu moja moja. Kwa mwenye subira tunaipendekeza. Kwa asiye nayo, nakala ya mafaili kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili itamfaa zaidi.

Udhaifu wa Defender ni huu. Inategemea sana seva za Microsoft, hivyo kompyuta isiyo na intaneti hulindwa kwa kiwango cha chini. SmartScreen, kichujio cha Microsoft cha tovuti hatari, huchuja kurasa ndani ya Edge. Chrome na Firefox hutumia mfumo wa Google. Uchunguzi kamili hupunguza kasi ya kompyuta ya zamani, basi upange usiku.

Je, ununue nyingine? Maabara ya AV-TEST ya Ujerumani hutoa hadi alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa kasi na 6 kwa urahisi wa matumizi, na Defender imepata 18 zote mara nyingi. Za bure nazo zina gharama zake: mwaka 2024 FTC iliitoza Avast dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za matembezi ya watumiaji mtandaoni. Tunachokubali kuongeza ni Malwarebytes ya bure, kwa ukaguzi wa pili tu, kwa kuwa toleo hilo halikai macho muda wote na hivyo haligombani na Defender. Walinzi wawili wa papo kwa papo usiwaweke pamoja. Na kama bado uko Windows 10, fahamu kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025: Defender itaendelea kupata orodha mpya za virusi, lakini haizibi matundu ya mfumo wenyewe.

Ukishaingia mtegoni, kata intaneti kwanza. Ondoa programu ya kuongoza kutoka mbali kama uliisakinisha. Hifadhi kazi zako, kisha ndani ya "Scan options" chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)": kompyuta itajizima na kuwaka upya, na itachunguzwa kabla Windows haijaamka, kwa takriban dakika 15. Wakati huo tumia simu au kompyuta nyingine kubadilisha manenosiri, ukianza na la baruapepe, maana ndilo linalofungua mengine yote. Kama ulitaja namba ya kadi, ipigie benki yako kwa nambari iliyochapishwa nyuma ya kadi yenyewe.