Friji ya inverta: kompresa ina waranti ya miaka 10, bodi je?

Nipo Dar, mtaa ambao umeme ukirudi unarudi kwa fujo. Friji ninayoizungumzia ni ya milango miwili, ya inverta, niliyoinunua mpya Kariakoo. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa ugonjwa huu hauchagui kampuni.

Sifa zake kwanza. Haina kelele, usiku hujui kama ipo kazini. LUKU nayo inakaa kuliko enzi za friji yetu ya zamani, kwa sababu kompresa haiwaki na kuzima kwa nguvu zote. Ndani pakishapoa inapunguza tu mwendo. Kwa hilo sina ugomvi nayo.

Ugomvi ulianza waranti ya mwaka mmoja ilipokwisha. Umeme ulikatika, ukarudi, taa ya ndani ikawaka vizuri, lakini nyama ikaanza kulainika. Stika ya mlangoni imeandikwa kwa herufi kubwa: MIAKA 10. Nikapiga simu huduma kwa wateja, dada wa watu akanieleza kwa upole kabisa kwamba hiyo miaka 10 ni ya kompresa peke yake. Bodi, yaani ile saketi ya umeme inayoiendesha hiyo kompresa, haimo. Mpya ingeagizwa nje, na bei aliyonitajia ilikaribia nusu ya bei ya friji. Sasa hapo miaka 10 ina faida gani, ikiwa kompresa bila bodi ni chuma tu?

Nikageukia mafundi. Wa kwanza alikuja na mtungi begani akitaka kujaza gesi kabla hajapima chochote. Nikamzuia. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Tena nyuma ya friji pameandikwa R600a, ambayo inashika moto, na mtungi wake ulikuwa wa R134a. Gesi mbili tofauti, presha tofauti. Angeniulia kompresa nzima.

Aliyeweza ni kijana anayetengeneza TV, wala si fundi friji. Alichomoa plagi, akasubiri chaji iliyobaki kwenye bodi iishe, akapima pini tatu za kompresa kwa mita, mbili mbili. Zote zikasoma sawa. "Kompresa nzima, bro. Bodi imepigwa." Fyuzi ilikuwa imekatika, na varista, kale kadude ka duara kanakobeba pigo umeme ukizidi, kamepasuka. Akabadilisha vyote viwili pamoja na kapasita iliyovimba, na friji ikaanza kupoza. Nililipa fedha ndogo sana ukilinganisha na bei ya bodi mpya. Akanionya pia: mtu yeyote asiijaribu kompresa ya inverta kwa kuipa umeme wa ukutani moja kwa moja, kama walivyozoea kwa zile za zamani. Inaungua.

Wenzetu wa Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, sheria inamtaka mtengenezaji wa friji awe na bodi, vipima joto na vipuri vingine kwa miaka 7 tangu friji ya mwisho ya aina hiyo iingie sokoni. Mpira wa mlango miaka 10. Huku kwetu muuzaji atakuambia "vipo", basi. Mbane akuonyeshe bei ya bodi kabla hujatoa hela, na usome waranti inataja nini hasa.

Dukani pia waliniambia friji ya inverta haihitaji friji gadi kwa sababu inavumilia umeme mdogo. Mdogo sawa, lakini kilichopasua varista yangu ni umeme mkubwa. Sasa nimeweka gadi inayokata umeme ukizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Umeme umeshachezacheza mara kadhaa tangu hapo, na bodi ni ileile iliyotengenezwa.

Kwa kupoza na kubana matumizi ya umeme naipa nyota nne kati ya tano. Huduma baada ya mauzo moja, na hiyo ni ya yule dada kwa upole wake. Droo ya mboga iliyopasuka mpaka leo nazungushwa, eti "inakuja na kontena".