TAHADHARI: muuza gazi ya frigo wa Birere, mimi amenipimia chuma

Bandugu wa Goma, hasa nyinyi mama wa samaki na nyama wenye frigo kubwa: kuna mtu anazunguka Birere na butei za gazi za rangi ya bluu. Msimpe hata franka mia.

Frigo yangu ya samaki tangu Pasaka ilikuwa haigandishi vizuri. Jumanne alikuja na mizani ya kutundika, yenye namba nyekundu, na hapo ndipo nilianguka. Mafundi wengine wanapima kwa jicho, "mama, imetosha," basi. Huyu akatundika butei mbele yangu: "Soma mwenyewe, mama." Nikasoma 13.6. Akaniomba nirudie kwa sauti, nikarudia kama mtoto wa darasa la pili, wateja wawili wakinisikiliza. Akatoa kaye, akachora mistari na rula: tarehe, aina ya gazi, kilo zilizoingia, sahihi. Eti tangu mapatano ya Kigali ya 2016 kila kilo inaandikwa. Mapatano yapo kweli, ya kupunguza gazi za namna hii, ndiyo maana uongo wake ulikaa vizuri. Nikatia sahihi. Nikalipa dola 190 za butei nzima, iliyobaki iwe akiba yangu. Nikampa na Fanta!

Kumbe 13.6 ni kilo za gazi peke yake katika butei mpya ya 134a, ile gazi ya frigo aliyodai ananiuzia. Pamoja na chuma lazima izidi. Mimi ninayetoa uzito wa katoni kabla ya kumuuzia mtu samaki, nikanunua chuma kwa bei ya gazi.

Na hata hiyo gazi yenyewe! Ijumaa usiku moteri ilikuwa inakoroma. Jumamosi asubuhi nikabonyeza samaki wa juu kwa kidole, kidole kikazama. Makatoni sita. Nikamwita fundi mwingine, akafunga manometa, kile kipimo cha presha, kwenye ile butei iliyolala chumbani. Akasema kwa joto la pale, digrii 20 hivi, 134a safi haifiki bari 5. Sindano ilipita 7. Tukaitoa nje, akafungua kidogo: harufu ya gazi ya jikoni. Na mbabula yangu iko hatua mbili kutoka kwenye frigo, watoto wanalala nyuma ya ukuta ule.

Huyo mtu afungwe. Arudishe makuta yangu kwanza, halafu afungwe, na mizani yake avishwe shingoni apitishwe soko la Virunga mchana kweupe. Wengine mtasema nimsamehe. Makatoni sita, nyinyi msameheni.

Ah, dalili. Butei ilipakwa rangi upya, hata kwenye kifuniko. Hakuleta pampu ya kuvuta hewa. Hakutafuta panapovuja, wala maji ya sabuni hakuomba, na gazi ya frigo haiishi kama mafuta ya taa: ikipungua, imetokea mahali. Kwenye kaye aliandika kilo 4 zimeingia. Kibati cha nyuma ya frigo kinasema inaingia kilo 1.8 tu. Kilikuwa pale miaka yote, ni mimi sijawahi kukisoma.

Butei ninayo bado. Aliyeuziwa na huyo mtu aje na yake tupime pamoja, halafu twende polisi wengi. Mizani nitaleta mimi, ile ya samaki.